UZI: Ada za kaunti Nairobi huamuliwa lini, na nani? Nilichokuta kwenye jedwali la nyuma

MamaChapo

Wadau hamjambo. Huu uzi ni mrefu, wekeni chai.

Mimi ni mama wa kibanda, Umoja. Asubuhi chai na mandazi, mchana wali ndengu, chapo siku nzima. Mwaka jana niliongeza benchi mbili nje chini ya mwavuli, nikajiona nimepanuka. Nilipoenda kulipia kibali nikakuta nimepanda ngazi bila kujua. Kumbe vibanda vya chakula hupangwa kwa idadi ya wateja wanaoweza kuketi kwa wakati mmoja: hadi sita ni mdogo, kuanzia sita hadi ishirini ni wa kati. Benchi mbili, watu watatu kila moja, ukijumlisha na wanaokaa ndani, nikawa wa kati. Na wengi wanaokaa pale nje hununua chai ya bob ishirini wanakaa nayo saa nzima wakibishana mpira!

Nilikuwa tayari kumrukia yule kijana wa kompyuta. Akageuza karatasi upande wangu, akaweka kidole. "Mama, si mimi. Iko hapa." Msitari mmoja wa maneno machache, na mwisho wake tarakimu. Hivyo tu.

Nikajiuliza, huu msitari uliandikwa na nani, siku gani, na mimi nilikuwa wapi? Nimezunguka na hilo swali miezi kadhaa, nimesoma, nimeuliza, hadi kikao cha maoni nimeenda. Haya ndiyo niliyopata.

Kwanza, gavana hawezi kuamka akapandisha ada, na kanjo, yule askari wa kaunti barabarani, ndiyo kabisa. Katiba, kifungu cha 210, inasema kodi au ada ya leseni haiwekwi, haisamehewi wala haibadilishwi ila kwa sheria. Kwetu sheria hiyo ni Sheria ya Fedha ya Kaunti. Nyuma yake kuna jedwali refu, na humo ndimo mnamokaa kila kitu: parking, soko, kibali, bango, kuzika, kukodi ukumbi.

Pili, ina msimu wake, kama mvua. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Kufikia Februari 28 kaunti inapaswa kuwa imepeleka kwenye Bunge la Kaunti waraka wa mikakati ya fedha, na humo ndani tayari kuna makadirio ya pesa wanazotaka kukusanya. Aprili 30 makadirio ya bajeti yanaingia. Mwisho wa Juni bajeti inapitishwa. Halafu Bunge la Kaunti lina siku 90 kuamua Mswada wa Fedha, ule unaozaa Sheria ya Fedha yenye jedwali la ada, yaani ukihesabu unafika mwisho wa Septemba.

Angalieni huo mpangilio. Matumizi yanapitishwa kwanza, ada zinafuata. Ukienda Agosti kulia kwamba ada iko juu, unalilia watu ambao Juni walishaandika kwamba pesa yako itaingia. Hapo ndipo tunapopigwa chenga.

Naendelea chini, wacha nigeuze chapo.

KijanaWaKayole

Mimi nilijua ni yule msee wa yunifomu anaamua. Siku akiwa na njaa ada inapanda 😂

Dere_wa_Town

Mama hii umeileta wakati mzuri. Mimi ni wa magari, hebu niongeze la parking maana nimeliona kwa macho. Kabla ya ugatuzi tulikuwa tunalipa 140 kwa gari dogo katikati ya jiji. Sheria ya Fedha ya 2013, ya kwanza ya kaunti, ikaruka hadi 300. Watu walipiga kelele, kesi zikaenda. Baadaye ikashuka hadi 200. Desemba 2019 wakataka 400, wakapelekwa Mahakama Kuu, ikasimamishwa. Sasa tuko 300 tena. Gari ni ile ile, nafasi ni ile ile, hata yule jamaa anayeniongoza kurudi nyuma ni yule yule.

Swali langu: 300 inatoka wapi? Kuna mtu alikaa akahesabu rangi ya ile mistari?

Mstaafu_wa_Holi

Nawasalimu. Nilifanya kazi ya karani tangu enzi za Halmashauri ya Jiji, kabla watoto hawajaanza kusema kaunti. Ngoja nimjibu dereva.

Zamani mambo yalikuwa chini ya ile sheria ya serikali za mitaa, Sura ya 265. Madiwani walikaa wakapitisha ada, kisha zikapanda kwa waziri kuidhinishwa. Mwananchi alizikuta zimebandikwa. Kaunti zilipoingia 2013, mambo ya waziri yakaisha, uamuzi ukabaki kwa Bunge la Kaunti.

Sasa kazi yenyewe huenda hivi. Kila idara, masoko, afya, uchukuzi, mipango ya jiji, inaleta orodha yake: tulitoza hivi, tulipata hivi, tunapendekeza hivi. Watu wa fedha wanaziunganisha. Ofisi nyingi, na sisemi moja, kishawishi ni kuchukua tarakimu ya mwaka jana, kuangalia pengo la bajeti, halafu kuongeza asilimia fulani. Hiyo ni kukisia tu, na kalamu nyekundu.

Lakini sheria inataka zaidi. Kifungu cha 120 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka kaunti iwe na sera ya bei za huduma. Kinasema wanaotumia huduma watendewe kwa usawa, kiasi unacholipa kilingane na unavyotumia, bei ionyeshe gharama halisi ya kutoa ile huduma, na masikini wapate angalau huduma ya msingi. Kwa hiyo dereva, swali lako la rangi ya mistari si mzaha. Lina mguu wa kisheria. Rangi, mishahara ya wanaokagua, mfumo wa malipo, ukarabati. Omba hesabu.

Dere_wa_Town

Mzee heshima yako. Kumbe nimekuwa wakili bila kujua.

Wakili_Njaa

Wakili halisi hapa, ingawa mwenye njaa. Nimuunge mzee mkono kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya hata bungeni.

Kuna kodi na kuna ada. Kodi unalipa kwa sababu upo. Ada unalipa kwa sababu umepewa kitu. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti kodi mbili tu moja kwa moja: kodi ya ardhi, ile mnaita reti, na kodi ya burudani. Ya tatu yoyote lazima Bunge la Taifa liiruhusu kwa sheria. Baada ya hapo kaunti inaruhusiwa kutoza malipo kwa huduma inazotoa.

Kwa hiyo ukiona msitari kwenye jedwali, jiulize: hapa ninapewa nini? Soko linafagiliwa, taka zinachukuliwa, afisa wa afya anakagua jikoni. Kama hupewi kitu, hiyo ni kodi iliyovaa koti la ada, na hapo ndipo mahakamani huwa patamu.

Jingine: Sheria ya Fedha inataja kiasi, lakini mamlaka ya kutoza yanapaswa kuwa na sheria mama. Msitari usio na mama ni yatima, na ukipelekwa kortini hauna wa kuutetea.

Sukuma_Marikiti

Wakili nisaidie. Mimi natoa mboga nje ya Nairobi usiku, naingiza Wakulima alfajiri. Huko ninakotoka nalipa sesi, ile ada ya kaunti kwa mazao, ya kutoa mzigo, hapa nalipa ya kushusha. Gunia moja la kabichi lina stakabadhi mbili na bado halijaonja sufuria.

Wakili_Njaa

@Sukuma_Marikiti hilo limesumbua nchi nzima. Kifungu hicho hicho cha 209, sehemu ya tano, kinakataza kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kwa namna inayoumiza biashara kati ya kaunti na kaunti au kuzuia bidhaa kutembea. Ya kushushia sokoni ina utetezi, kwa sababu unatumia soko, choo, ulinzi. Ya kutozwa kwa kupita tu barabarani ni ngumu kuitetea. Weka stakabadhi zote mbili. Siku ya maoni zilete, zina sauti kuliko hotuba.

Ploti_na_Deni

Nani atasema kuhusu reti? Baba alituachia kiploti Eastlands, kila mwaka ni barua.

Mstaafu_wa_Holi

Reti nitaisema kwa ufupi, maana ni msitu wake. Kwa miaka mingi Nairobi ilitoza kwa daftari la thamani la 1982. Thamani ya ardhi tupu ya wakati ule, unazidisha kwa asilimia 34. Unaona asilimia ni kubwa, lakini thamani ilikuwa ya enzi za mababu. Kisha wakatengeneza daftari jipya la bei za sasa, kiwango kikawa asilimia 0.115. Chukua mfano: ploti ya milioni 10 kwa bei ya leo inalipa 11,500 kwa mwaka. Ile ile, kama 1982 iliandikwa 20,000, ilikuwa inalipa 6,800.

Watu walishangilia kuona asilimia imeshuka, wakasahau kuuliza inazidishwa na nini. Na Desemba 2024 Sheria ya Kitaifa ya Kodi ya Ardhi ilitiwa saini, ikachukua nafasi ya zile sheria kuukuu za uthamini. Angalia daftari kwanza, @Ploti_na_Deni, ndipo ubishane na kiwango.

KijanaWaKayole

Maze lakini tuambiane ukweli. Hii "maoni ya umma" si ni kiini macho? Wanaitisha saa nne asubuhi siku ya kazi, wanagawa maji ya chupa, wanapiga picha, wanaenda. Tarakimu zishapangwa.

MamaChapo

Nimerudi, mikono ina unga. @KijanaWaKayole nilikuwa na mawazo hayo hayo, kwa hiyo wacha nikusimulie kikao nilichoenda. Ukumbi sitautaja.

Viti vya plastiki, labda watu themanini. Nakala za mswada zilikuwa chache, zikazunguka mbele. Tukafunguliwa kwa maombi, tukaambiwa kila mtu dakika tatu. Wa kwanza akaongea mitaro. Wa pili mashimo barabarani. Wa tatu taka hazijachukuliwa. Yote kweli, lakini hakuna hata moja iliyokuwa kwenye ule mswada. Zamu yangu ikafika. Mimi niliyekuja na hasira ya benchi mbili, nikasimama nikasema maisha ni magumu, unga umepanda, mtuhurumie akina mama. Nikapigiwa makofi! Nilikuwa nimeketi karibu na karani anayeandika, nikachungulia. Dakika zangu tatu zilikuwa maneno mawili: "ada zipunguzwe".

Kisha akasimama mzee mmoja mwenye kinyozi, amevaa kofia ya sufu. Hakusalimu sana. Akasema: ukurasa huu, msitari huu, bango la ukutani. Mnatoza kuanzia mita moja ya mraba. Bango langu halifiki nusu mita, na nalipa sawa na mwenye mita kamili. Naomba muongeze daraja la chini ya mita moja, litozwe nusu. Hapa mtaani tuko vinyozi kumi na nne wenye bango kama langu, majina na saini hizi hapa.

Akatoa karatasi. Karani akamwambia arudie polepole. Akaandika yote, na nambari ya msitari.

Hakupigiwa makofi hata moja. Lakini nilipoiona ripoti ya kamati baadaye, hoja yake ilikuwamo, imeandikwa kama alivyoisema. Yangu ilimezwa kwenye sentensi moja pamoja na za watu wengine thelathini: "wananchi walilalamikia gharama ya maisha".

Nikaona hapo kosa langu. Nilikwenda kuwaambia ninavyojisikia, na wao walikuwa wanatafuta nambari ya msitari.

Dere_wa_Town

Hiyo ya kofia ya sufu imenimaliza 😂 Mzee alikuja na silaha.

Wakili_Njaa

@KijanaWaKayole kuhusu kiini macho, soma kesi ya Kiambu. Kaunti ile ilipitisha Sheria yake ya Fedha ya 2013, wananchi wakaenda kortini wakisema hawakushirikishwa inavyopaswa. Mwaka 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu akaifuta sheria nzima. Kaunti ikakata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Jaji alieleza kwamba kushirikisha umma si kujaza fomu. Kaunti inafaa iwatafute watu walipo: makanisani, misikitini, kwenye mahekalu, mabarazani, hata redio za lugha za nyumbani. Tangu hapo kila kaunti inaogopa kikao kisicho na orodha ya waliohudhuria.

Ndiyo, wengine wanafanya kwa kuogopa tu. Lakini woga wao ni faida yako. Karatasi ya saini ya yule kinyozi, ikipuuzwa bila sababu, ni ushahidi.

Mgeni_86

Samahani nimechelewa. Huu ndio ule Mswada wa Fedha wa 2024 uliofanya watu wakaingia barabarani?

MamaChapo

Hapana. Ule ulikuwa wa taifa, wa Bunge pale juu. Vijana waliandamana, Juni 25 ikawa siku ile tunayoikumbuka, kesho yake rais akasema hatautia saini. Wa kaunti ni mwingine, unapita Bunge la Kaunti, la MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi. Na hapa ndipo nacheka peke yangu: ule wa taifa watu waliusoma kifungu kwa kifungu, ukatafsiriwa, ukaimbwa. Wa kaunti, unaogusa benchi yangu moja kwa moja, nimeuliza majirani kumi hapa kwenye vibanda na hakuna aliyejua upo.

Mgeni_86

Na maji? Bili yangu imeruka.

Mstaafu_wa_Holi

Maji usipeleke kwenye kikao hiki, utapoteza dakika zako tatu. Bei ya maji na maji taka inaombwa na kampuni ya maji, na inayoidhinisha ni bodi ya taifa ya kudhibiti huduma za maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Nao hufanya vikao vyao. Kampuni ni ya kaunti, ndiyo, lakini kalamu iko kwingine.

Sukuma_Marikiti

Sasa mzee, mtu kama mimi anayelala saa moja jioni na kuamka saa saba usiku, kikao cha saa nne ataendaje?

Mstaafu_wa_Holi

Si lazima uende. Maoni ya maandishi yana uzito ule ule. Tangazo huwa linataja anwani na siku ya mwisho. Peleka kwa karani wa Bunge la Kaunti, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri hukupeleka.

Na kuna mlango mwingine watu hawaujui: Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, liko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137. Gavana ndiye mwenyekiti, lakini upande wa pili wanakaa wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, walemavu, wazee, vikundi vya dini. Hao wanaona mambo kuanzia Februari, tarakimu zikiwa bado udongo mbichi. Tafuta anayewakilisha wafanyabiashara, umsumbue.

Mswada ukishapita, gavana ana siku 14 kutia saini au kuurudisha. Kisha unachapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Ukidaiwa ada mpya, uliza: iko kwenye sheria iliyochapishwa? Kama ni barua tu ya ofisi, uliza kwa upole, lakini uliza.

Ploti_na_Deni

Na ile misamaha ya riba inayotangazwa kila mara? Mimi nililipa mapema, jirani akangoja, akasamehewa. Nilijiona fala.

Wakili_Njaa

Haki yako kukasirika. Hata msamaha una masharti. Kifungu cha 210 kinataka kila msamaha uwekwe kwenye kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na upelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Tatizo la misamaha ya mara kwa mara ni kwamba inafundisha watu kungoja. Kaunti inajichimbia shimo, halafu inalijaza kwa kupandisha ada za wanaolipa.

KijanaWaKayole

Sawa nimeshawishika nusu. Lakini wakishapandisha, pesa zinaonekana? Hapo ndipo mimi hukwama.

MamaChapo

Kwa hilo nasoma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, hutoka kila robo mwaka, bure. Mwaka wa fedha 2023/24 Nairobi ilikusanya zaidi ya bilioni 12 kwa mapato yake ya ndani, na bado haikufika lengo. Sasa fikiria: lengo likiwa kubwa kupita uwezo, bajeti inajengwa juu ya pesa za hewani, deni linabaki, na mwaka unaofuata mtu anaangalia jedwali akitafuta msitari wa kubana. Kibanda hakihami usiku, kwa hiyo kinabanika kirahisi kuliko wengi.

Kuna jambo nitawasifu, nisiwe wa kulalamika tu. Kuanzia 2023 vibali viliunganishwa. Zamani nilikuwa na kibali cha biashara, cha zimamoto, cha afya, cha bango, kila kimoja foleni yake na siku yake ya kufunga biashara. Kimoja ni afadhali. Lakini kwa kuwa vimeunganishwa, tarakimu ya mwisho ni moja kubwa, na huoni ndani yake zimamoto ni ngapi na afya ni ngapi. Ndiyo maana nataka mchanganuo. Mpishi hawezi kuambiwa tu "hii ni pilau", anataka kujua nyama ni kilo ngapi.

Dere_wa_Town

Mama, na zile benchi?

MamaChapo

Moja niliiondoa, iko uvunguni mwa kitanda. Ile nyingine imebaki, kwa hiyo bado ni wa kati.

Lakini nimeandika pendekezo la msimu ujao. Ngazi ya wateja sita hadi ishirini ni pana mno. Mwenye kuketisha saba analipa sawa na mwenye kuketisha ishirini. Nataka iwekwe ngazi katikati, sita hadi kumi. Nimehesabu vibanda vya barabara yetu: kumi na tisa, na kumi na mmoja kati yake vingeingia hapo. Nina saini nane. Tatu zilizobaki ni za watu wanaosema wanaogopa kuandikwa majina.

Mstaafu_wa_Holi

Waambie waandike jina la biashara badala ya lao. Na usingoje Agosti. Peleka Februari, kisha upeleke tena Agosti.

Sukuma_Marikiti

@MamaChapo tuma hiyo karatasi tuone ulivyoipanga. Nataka ya magunia.

MamaChapo

Kesho asubuhi nikimaliza mandazi naipiga picha. Ina doa la mafuta kidogo, msinicheke.